Akiangalia Juu Ni Ndiyo

Oktoba mwaka juzi dada yangu alinipigia simu nikiwa kwenye foleni ya chakula cha mchana kazini. Hakunisalimu. Alisema tu, "Wamesema mtoto amemaliza kliniki."

Nikafurahi. Nikamwambia hongera.

"Hongera ya nini?" akauliza. "Amemaliza aende wapi?"

Mpwa wangu ana mtindio wa ubongo. Nyanya yetu humwita Kavisi, kijana mdogo kwa Kikamba, na hapa nitamwita hivyo hivyo. Tangu akiwa na miezi 10, kila Jumatano dada alimbeba mgongoni kutoka Kithyoko, akapanda gari hadi hospitali, akarudi jioni. Zaidi ya miaka mitatu ya Jumatano. Kwenye mkeka wa kliniki alifundishwa kukunja nyonga za mtoto kwanza kabla ya kujaribu kunyoosha miguu iliyokaza. Alifundishwa kumlisha akiwa ameketi wima, na kupika uji mzito kidogo ili asipaliwe. Seremala wa sokoni akamtengenezea kiti chenye kuta tatu na meza mbele, kwa mchoro aliouchora dada nyuma ya bahasha. Ndani ya kiti hicho ndipo Kavisi alipojifunza kushika kijiko.

Sasa Januari angekuwa na miaka 4, umri wa kuingia PP1. Mtaalamu wa mazoezi alimwambia dada kwamba ya nyumbani anayajua yote, kilichobaki ni shule. Akagonga muhuri kwenye kitabu. Hakuandika barua ya kumpeleka popote, wala hakutaja jina la mtu wa kuulizia.

Na mimi, miaka hiyo yote, nilikuwa wapi? Nairobi, nikituma nauli kwa M-Pesa kila Jumanne usiku. Nilijiona mtu wa maana sana.

Wiki iliyofuata nikapanda gari la Mwingi. Ukishapita Matuu, kijani kinapungua, barabara ya Garissa inaendelea mbele yako, na baadaye Kithyoko inatokea: maduka pande zote mbili, mbuzi, boda wamejipanga kivulini. Mvua ilikuwa bado. Watu walikuwa wakipanda ndengu kwenye udongo mkavu, kwa imani tu.

Shule ya kwanza walitupokea vizuri. Mwalimu alimshika Kavisi mkono, akamwambia ni mrembo. Kisha akamgeukia dada.

"Mama, mimi sina shida na yeye. Lakini niko na watoto zaidi ya 40 na niko peke yangu. Akitaka choo, nitaacha hawa na nani?"

Hatukuwa na jibu. Tukaenda ofisi moja, tukaambiwa PP1 ni mambo ya kaunti. Tukaenda ya kaunti, tukaambiwa mtoto mwenye ulemavu ni elimu maalum, na elimu maalum ni ya serikali kuu. Nikajua tunazungushwa. Usiku, mtandao ukipotea na kurudi, nikafungua Katiba ya 2010 kwenye simu nitafute wa kulaumu. Jedwali la Nne: elimu ya chekechea iko chini ya kaunti, elimu maalum iko chini ya serikali kuu. Wote wawili walikuwa wamesema kweli. Kifungu cha 54 nacho kinampa Kavisi haki ya kusoma pamoja na wenzake. Haki anayo, ila mtoto wa miaka minne anayehitaji chekechea na elimu maalum kwa wakati mmoja anasimama katikati ya milango miwili, kila mlango ukimwonyesha mwingine. Yeye hata kusimama bado.

Nilisoma pia kwamba Marekani, mtoto anayepata huduma za mapema anatoka kwenye huduma hizo akitimiza miaka 3, na sheria inataka angalau siku 90 kabla ya hapo mzazi, watu wa huduma na watu wa shule wakae kikao kimoja. Sijui hilo linaendaje huko mtaani kwao. Nilichowaonea wivu ni kile kikao. Watu wote wa mtoto, meza moja.

Mhudumu wa afya ya jamii ndiye aliyetuambia kuhusu vituo vya tathmini, vile watu huviita EARC. Vilianza mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, miaka miwili kabla ya KISE, taasisi inayofundisha walimu wa elimu maalum, kuanzishwa. Kazi yao ni hii hasa: kumpima mtoto na kusema anafaa kusomea wapi. Dada alikuwa amezunguka zaidi ya miaka mitatu na hakuna aliyewahi kumtajia.

Afisa wa huko aliacha kiti chake, akakaa sakafuni na Kavisi.

"Mama, akitaka kitu anakuambiaje?"

Dada alinyamaza. Nilidhani hajaelewa swali. Kumbe hakuwahi kuulizwa.

"Akiangalia juu ni ndiyo," akasema. "Akitoa ulimi ni hapana. Na akinyamaza kabisa, basi umeuliza swali baya."

Ripoti ilitupa njia mbili: shule maalum ya bweni, mbali, au PP1 ya karibu na nyumbani, kama shule itakubali kumpangia mahali. Jioni hiyo, tukila muthokoi, nikatetea bweni. Nilisema huko kuna wataalamu, kuna vifaa, na kuna watoto wengi wamefaidika. Mambo ya kweli hayo.

"Wewe ulienda bodingi ukiwa na miaka mingapi?" dada akauliza.

"Kumi na nne."

"Na ulilia."

Nyanya akacheka. Dada hakucheka. "Niambie ukweli. Unataka asome, ama unataka hii maneno iishe?"

Sikumjibu. Nilitaka iishe. Nilikuwa nimechoka na safari ambayo nilikuwa nimeifanya kwa siku nne tu.

Asubuhi nikajitolea kuandika ukurasa wa kumpa mwalimu. Nikaandika kwa Kiswahili cha ofisi: mtoto ana ulemavu, hawezi kutembea, hawezi kuongea. Nikamsomea dada. Alihesabu kwa vidole. "Umeandika 'hawezi' mara saba. Nani atamtaka huyo?" Akachukua karatasi, akaigeuza upande safi, akaanza kunisomea kwa Kikamba huku akisonga ugali. Nikaandika:

Akiangalia juu ni ndiyo. Ulimi ni hapana.
Anashika kijiko kwa mkono wa kushoto. Mpe muda.
Usimvute miguu. Kunja nyonga kwanza.
Choo huenda baada ya uji, karibu saa nne. Atanuna, ndivyo utakavyojua.
Kelele za ghafla humshtua mwili mzima. Kabla ya kengele, mwambie.
Anapenda watoto kuliko watu wazima.

Tukaupeleka shule ya pili. Mwalimu aliusoma mara mbili. "Kengele yetu ni rimu ya lori," akasema, "na iko hapo tu dirishani." Alisema kama mtu ambaye tayari anafikiria kuihamisha. Kisha wakakubaliana: dada atakuja saa nne kila siku kumpeleka choo, na siku akiwa shambani atakuja nyanya. Nilitaka kusema kwamba hiyo ni kazi ya mtu wa kulipwa na mshahara. Bado nasema. Lakini Januari haikuwa inangoja tumpate.

Siku ya kwanza kiti kilienda kwa boda, kimefungwa kwa mipira, na Kavisi akafuata na boda nyingine katikati ya dereva na mama yake. Watoto wakazunguka kile kiti wakiuliza kama na wao wanaweza kukalia. Mimi nilisimama mlangoni nikijifanya naangalia simu. Karibu saa nne mwalimu akaacha ubao, akamwinamia. "Kavisi, kengele inakuja, sawa?" Akaangalia juu. Rimu ikagongwa. Mikono ikaruka, mwili ukakaza, kisha ukalegea, na msichana wa dawati la karibu akaokota kijiko kilichoanguka.

Mwaka huu yuko PP2, kwa mwalimu mwingine. Safari hii hakuna aliyenipigia simu niende kuandika. Dada alinitumia picha ya karatasi mpya, mwandiko ni wa mwalimu wa PP1, kalamu nyekundu. Mambo mengi ni yale yale. Lakini mwishoni ameongeza mstari ambao hata sisi wa nyumbani hatukuujua:

Akiangalia mlango mara mbili, amesikia mbuzi. Mtoe nje kidogo awaone, kisha atarudi kusoma.