Siku Tatu za Ahmedabad kwa Mwendo wa Mzee

Tangu tuliporejea kutoka Bara Hindi sipiti njia ya Jericho pasipo kusimamishwa. Huyu ana mama yake atakayepelekwa huko kutibiwa, yule ana ndugu yake. Wote huanza kwa kuuliza habari za hospitali, kisha huinamisha sauti na kuuliza kama ni kweli kwamba tulitembea mjini. Kwa kuwa mimi ni karani wa Serikali, na kalamu ndiyo jembe langu, nimeona heri niwajibu wote pamoja.

Ni kweli, tulitembea.

Mjomba wangu alifanya kazi miaka mingi katika karakana ya reli, akikaa Makongeni katika nyumba za reli, na uzeeni nyonga yake ikamharibikia. Kamati ya michango ilikutana Kaloleni Jumapili baada ya Jumapili. Majina yote yaliandikwa katika daftari moja la shule, tangu aliyetoa shilingi elfu kumi hadi mama muuza sukuma wiki aliyetoa hamsini, nami nikakabidhiwa daftari hilo. Daktari wa huko alikuwa ametuarifu mapema kwamba mgonjwa akisha kupasuliwa hapandi ndege mpaka yapite majuma kadhaa na aangaliwe tena. Nilipopiga hesabu niliona mwishoni zinabaki siku tatu ambazo Mjomba atakuwa ameruhusiwa kutembea kwa fimbo, wala hana kazi ila kungoja ndege.

Akaniambia, "Mwanangu, kufikia hapo nitakuwa nimezihesabu nyufa zote za dari. Nipeleke niuone mji."

Alikuwa na sababu yake. Reli aliyoitumikia ilijengwa toka Mombasa kati ya 1896 na 1901 na vibarua wapatao 32,000 walioletwa kutoka Bara Hindi, na wenye maduka aliokopa kwao unga ujanani mwake walikuwa Wagujarati. Watu hao wameuona mji wetu kwa muda wa zaidi ya miaka mia. Yeye wa kwao hakuwahi kuuona. Lakini mimi niliogopa daftari. Fedha za watu zilitolewa kwa ajili ya nyonga. Nikaamua kila senti ya matembezi itoke katika mshahara wangu.

Kwanza niseme habari za safari yenyewe, maana wengi hukwama hapa. Mgonjwa huombewa viza ya matibabu, na anayemsindikiza huomba yake ya msindikizaji. Chanjo ya homa ya manjano lazima ichomwe siku kumi au zaidi kabla ya kufika, na kadi yake ichukuliwe mkononi, si ndani ya sanduku. Atokaye Kenya bila kadi hiyo aweza kuwekwa karantini huko hadi siku sita. Ndege hutufikisha Mumbai kwa muda wa yapata saa sita, kisha hupandwa nyingine ya mwendo wa saa moja hivi. Saa yako uisogeze mbele saa mbili na nusu. Mwenye nafasi ya kuchagua aende kati ya Novemba na Februari, kwa maana mwezi wa Mei joto la Ahmedabad hupita digrii 40.

Haya, matembezi. Nilikuwa nimepiga chapa orodha ya mahali kumi na nne, pamoja na saa za kufika na kuondoka. Mjomba akaomba kalamu, akakata kumi na moja. "Asubuhi moja, mahali pamoja," akasema. "Mchana tulale." Nilinung'unika moyoni, lakini nyonga ilikuwa yake.

Siku ya kwanza tulivuka mto Sabarmati kwa tuktuk kuingia mji wa kale, ambao Sultani Ahmad Shah aliuanzisha ukingo wa mashariki mwaka 1411. Dereva na Mjomba walizungumza njia nzima bila ya kuwa na lugha moja. Gari, pesa, laki, bima: kila mmoja alitaja neno, na mwenzake akaruka kwa furaha kuona analo. Hata tuliposhuka tukawa tumefika penye msikiti wa Sidi Saiyyed.

Msikiti huo ni mdogo, umezungukwa na barabara zenye kelele, na mtu mwenye haraka aweza kuupita asijue. Mjomba hakuweza kuinama kuvua viatu. Mzee wa pale akamletea kiti kidogo, akamvua kwa mikono yake. Tukaingia, tukaona madirisha. Ni jiwe, lakini limechongwa likawa mti, shina lake na matawi yake yakisokotana kama utepe, na nuru ikipenya katikati ya majani. Mjomba alikaa mbele yake karibu saa nzima. Yeye ni fundi wa vyuma, alijua maana ya kukata kitu kigumu bila ya kukivunja.

Aliyeujenga msikiti huo, uliomalizika mwaka 1573, alikuwa mtu wa Afrika, Mhabeshi. Waafrika katika nchi ile huitwa Sidi. Wako waliopelekwa utumwani, wako waliokuwa askari, na wengine walipanda hata kuwa maamiri. Wazao wao wangali wanaishi Gujarat, kama kijijini Jambur karibu na msitu wa Gir wenye simba, na ngoma zao huziita "goma". Katika shule ya misheni nilifundishwa kwamba Vasco da Gama alipata rubani Malindi wa kumvusha mpaka Calicut mwaka 1498. Habari za Sidi Saiyyed sikufundishwa.

Siku ya pili tulikwenda penye vichochoro. Asubuhi huwapo matembezi yanayoongozwa, toka hekalu la Swaminarayan hadi Msikiti Mkuu wa mwaka 1424, lakini ni saa mbili na zaidi kwa miguu. Sisi tulichagua mtaa mmoja tu. Mitaa hiyo huitwa "pol", ina lango lake, nyumba za mbao zilizonakshiwa zimebanana, na katikati mnara mdogo wa kulishia ndege nafaka. Mwaka 1993 au hata 1973 isingalikuwa ajabu kwetu Makongeni: nguo kambani, wazee barazani, na mtoto aliyetumwa mbio kuuliza wageni hawa ni wa nani. Mwaka 2017 mji huo wa kale uliandikwa katika urithi wa dunia, wa kwanza katika Bara Hindi. Watu wangali wakiishi humo na kufua nguo zao.

Chakula ni cha mboga, na dengu zao zina sukari. Pombe imekatazwa na sheria katika Gujarat. Mjomba alivumilia yote mawili, ila usiku wa pili aliitaja nyama ya soko la Burma kwa jina, kama mtu aitajaye marehemu.

Siku ya tatu tulifika makao ya Gandhi ukingoni mwa mto, alikotoka tarehe 12 Machi 1930 na wenzake 78 kwenda pwani kuchota chumvi kwa miguu. Tulikaa chini ya mti tukaangalia maji. Sina zaidi.

Tuliporudi, kamati iliitwa Kaloleni. Nikasoma hesabu. Mzee mmoja akasimama, akauliza kwa adabu, "Tulichangia nyonga au matembezi?" Nikajibu kwamba matembezi nililipa mimi, nikafungua bahasha ya stakabadhi ili nimwonyeshe. Hapo ndipo nilipoiona moja, chakula cha mchana cha siku ya pili, rupia 460, imeandikwa upande wa fedha za kamati kwa mkono wangu mwenyewe. Nikaisoma kwa sauti. Watu walinyamaza.

Mjomba akaegemea fimbo, akasimama bila ya kusaidiwa, mara ya kwanza mbele yao. Mama muuza sukuma wiki akasema, "Karani atalipa. Sasa hilo dirisha liko wapi?" Simu ikapita mkono kwa mkono mpaka benchi la nyuma, nami nikatoa fedha mfukoni, nikaandika katika daftari.