Alfajiri katika Vilima vya Gwasi
Msafiri atokaye Sori kwenda kuliona jua likichomoza katika vilima vya Gwasi yampasa aondoke usiku, akiongozwa na mwenyeji. Maana gizani njia ya mbuzi yafanana na njia ya watu. Vilima hivyo ni mabaki ya volkeno ya Kisingiri, iliyozimika zamani sana. Kunapopambazuka, visiwa vya Rusinga na Mfangano vyaonekana upande wa kaskazini, na ziwa lingali jeusi. Majivu ya volkeno hiyo ndiyo yaliyohifadhi mifupa ya kale: mwaka 1948 Mary Leakey alipata kisiwani Rusinga fuvu la Proconsul, sokwe aliyeishi yapata miaka milioni 18 iliyopita. Huko Karungu, jirani na Sori, mvua hufukua mifupa ya wakati huo hata leo. Kiongozi mwema humkataza mgeni kuitia mfukoni, kwani mfupa ulioondolewa katika tabaka lake ni vigumu kujua umri wake.