Noti Zilivyonirudishia Mkono

Nilianza kubadilisha fedha Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, mwaka 1988. Mwaka mmoja kabla, serikali ya Uganda ilikuwa imetoa shilingi mpya, moja kwa mia moja za zamani, na kukata asilimia 30 juu yake. Watu walikuwa bado na kidonda. Aliyeuza mahindi au samaki alitaka alale akiwa na shilingi ya Kenya mfukoni. Mjomba wangu wa Tororo alinipa mtaji kidogo na kiti cha mbao, akaniambia kazi yenyewe iko kwenye kidole gumba.

Alisema kweli. Mbadilishaji fedha haitazami noti, huipapasa. Bunda hukaa mkono wa kushoto, limebanwa kati ya vidole. Gumba la kulia linasukuma, kidole cha shahada kinapokea, na noti ikipita unajua kama wino wake umeinuka au karatasi ni laini kama ya daftari. Kwa gumba hilo nilisomesha watoto. M-Pesa ilipoingia Kenya mwaka 2007, wengi walidhani tumekwisha, tukabaki. Mwaka 2018 marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni wakazindua kituo cha pamoja cha mpakani, wasafiri wakawa wanahudumiwa upande wanaoingia tu. Tukahamisha viti, tukaendelea. Mwaka 2019, Benki Kuu ya Kenya ilipotangaza kwamba noti za zamani za shilingi 1,000 zingekoma tarehe 30 Septemba, sikumbuki kama nilikuwa nikila mchana.

Kiharusi kilinipata baada ya hapo, asubuhi, nikimhesabia dereva wa lori. Noti zilinidondoka. Niliinama kuziokota, vidole vikakataa. Nikataka kuomba radhi, ulimi ukawa mzito. Vijana walinipakia kwenye bodaboda, mmoja akakaa nyuma kunishikilia. Hospitalini presha ilikutwa juu mno. Daktari alieleza kuwa damu ilikuwa haifiki sehemu ya ubongo upande wa kushoto, ndiyo maana mwili ulilala upande wa kulia. Majirani walikuwa na maelezo yao, na katika maelezo hayo walikuwamo washindani wangu wa biashara.

Nilipelekwa kwa dada yangu Tororo kuuguzwa. Mguu ulirudi mapema, nikawa najikongoja hadi mlangoni na kuutazama mwamba mkubwa wa mji huo. Mkono haukurudi. Akaletwa mchuaji, akauvuta kwa nguvu ili mishipa ifunguke. Kilichofunguka ni bega. Misuli inayolishikilia ikiwa imelegea, ukivuta mkono mfupa huteremka kutoka mahali pake, na maumivu yake hayakuniacha nilale. Tangu hapo hakuna aliyeruhusiwa kuninyanyua kwa kuuvuta mkono huo; nilipokaa, ulilazwa juu ya mto.

Mambo ya chooni na bafuni sitayaeleza yote. Nitasema tu kwamba kitambaa cha kuogea nilikuwa nakizungusha kwenye mti wa kamba ya nguo ili nikikamue kwa mkono mmoja. Shati, nilijifunza kuvisha kwanza mkono mgonjwa, na kuuvua mwisho. Lililonishinda ni kula. Kwetu mtu hali kwa mkono wa kushoto, wala hampi mwenzake pesa kwa mkono huo. Wageni wakija nilikuwa nasema nimeshiba.

Ndipo akaja dada mmoja kijana, mtaalamu wa tiba kazi. Nilitarajia mafuta au mashine. Yeye aliuliza, "Mzee, mkono huu ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Kuhesabu pesa."

"Basi utahesabu pesa."

Kwanza alitaka aone kama naweza kuinua kifundo cha mkono na kufungua vidole, hata kidogo. Nikaweza kidogo. Akakata maboksi vipande vya ukubwa wa noti, nikawa navihamisha kimoja kimoja. Baadaye tukaingia kwenye karatasi za daftari, mwisho noti zenyewe za shilingi 1,000 za Uganda. Mpini wa kijiko aliuzungushia mpira wa ndani wa baiskeli ukawa mnene, ukashikika. Na mkono mzima akauvisha soksi kwa saa kadhaa kila siku, usiingilie kazi ya mwenzake. Alinieleza kuwa Mmarekani Edward Taub ndiye aliyeonyesha kwamba mkono usiotumika hujifunza kutotumika, na kwamba mwaka 2006 ulichapishwa utafiti uliojaribu njia hiyo kwa wagonjwa 222 wa kiharusi, ikawasaidia. Mimi niliichukia ile soksi. Siku nilipomega kalo (ugali wa wimbi), nikaiviringa na kuibonyeza kwa gumba hadi ikachota mchuzi, dada yangu aliwaita watoto waje kutazama.

Nimerudi Busia. Mabunda ya madereva anahesabu mpwa wangu. Mimi nashika ya akina mama wa sokoni. Vidole vinakwenda polepole, lakini vinakwenda. Kisichorudi ni hisia kwenye ncha ya gumba: wino ulioinuka siusikii tena. Kwa hiyo noti ya Kenya naiinua kwenye mwanga nitafute kichwa cha simba, ya Uganda nitafute korongo. Vidonge vya presha nameza kila siku, hata nikijisikia mzima.

Watu huja kuniuliza ni dawa gani niliyotumia, maana wana mzee nyumbani aliyelala upande. Nawauliza kwanza kama presha yake inapimwa, kisha kama mkono ule ulikuwa wa fundi cherehani, wa mpishi au wa mkulima. Fundi mpeni kitambaa akunje, nawaambia, mpishi mpeni maharagwe achambue, na mumtafute mtaalamu mapema kuliko nilivyotafutiwa mimi.