Chumba cha Mama Melini

Si ajabu tena siku hizi kusikia kwamba familia fulani ya Mombasa, Malindi au Lamu imealikwa na jamaa zao walioko Dubai au Abu Dhabi kwenda kutembea kwa meli. Meli za aina hiyo tunazijua kwa macho, kwani huingia Kilindini msimu wa watalii, ndefu kama mtaa mzima, zenye madirisha yasiyohesabika. Kule Ghuba husafiri zaidi wakati wa baridi, kuanzia Novemba hadi Machi hivi, maana joto la kiangazi chao halivumiliki. Watu wanapojitayarisha huulizana juu ya nguo, juu ya chakula cha halali na juu ya bei. Wachache huuliza swali ambalo kwangu mimi ndilo la kwanza: chumba chenyewe kitakuwa sehemu gani ya meli?

Kwetu swali hilo lilizua mjadala wa wiki tatu. Mdogo wangu, aliyelowea Dubai kwa kazi, alitaka kumkirimu Mama. Mama ana miaka 78. Magoti yake hayamsaidii, ana shinikizo la damu, na mtu anayetapika usiku kucha hawezi kuziweka dawa tumboni. Mdogo wangu alikuwa amekwisha kuchagua chumba cha sitaha ya juu kabisa, upande wa omo, chenye roshani pana. Kwake, heshima ya mzazi ni kuwekwa juu na mbele. Nami nilimwambia kwamba heshima ya mzazi ni alale.

Chombo, kiwe cha mbao au cha chuma, huenda mrama kwa namna mbili. Ya kwanza ni kupanda na kushuka: omo ikiinuka, tezi huzama, kama watoto wawili waliokalia ncha za ubao uliowekwa juu ya gogo. Aliye nchani hurushwa, na aliye juu ya gogo hahisi kitu. Ya pili ni kuyumba ubavu kwa ubavu, na hapo ateseke nani ila aliye juu, kama kilele cha mnazi kinavyopepesuka ilhali shina limetulia. Meli za kisasa zina mapezi ya chuma yanayotokeza ubavuni chini ya maji ili kupunguza kule kuyumba, lakini kupanda na kushuka hayakuzuii. Basi mwenye kuogopa kulewa na bahari atafute chumba cha katikati, tena cha chini.

Mama hakuhitaji kuelezwa. Alipokuwa msichana alisafiri kwa jahazi kutoka Lamu hadi Mombasa wakati wa kaskazi, na kumbukumbu yake ni safi. “Walioketi karibu na mlingoti walifika wameshiba,” alituambia kwenye simu. “Walioketi omo walifika wamelowa na wamelewa.” Mdogo wangu akanyamaza. Lakini nilipopendekeza chumba cha ndani kisicho na dirisha, ambacho ndicho rahisi kuliko vyote, Mama alinigeukia mimi: “Mwanangu, mnipeleke baharini kisha mnifungie kabatini?”

Alikuwa na haki. Chumba cha ndani ni kiza totoro mchana na usiku, na huwezi kujua kama alfajiri imeingia ila kwa saa. Zaidi ya hayo, macho yanayoona upeo wa bahari huutuliza mwili unapoanza kuchafuka. Tukakubaliana juu ya chumba chenye dirisha, sitaha ya 5, katikati.

Roshani tuliiacha, na si kwa sababu ya bei peke yake. Wanawake wanaodhani kwamba roshani ya melini ni faragha kama ua wa nyumbani wachunguze kwanza. Kinachotenganisha roshani na roshani mara nyingi ni ubao tu, na anayeinama ukingoni humwona jirani. Katika baadhi ya meli sitaha za chini hutokeza nje, na walio juu huchungulia walio chini. Anayetaka kuvua buibui lake na kukaa kwa raha aulize ile roshani imefunikwa na nini juu yake.

Wakala wa safari alituhimiza tuchukue tiketi ya bei nafuu ambayo kampuni ndiyo humchagulia msafiri chumba. Kwa kijana asiye na shida, hiyo ni nzuri. Kwa mzee haifai hata kidogo. Tuliomba ramani ya meli na tukaikunjua mezani, sitaha moja juu ya nyingine, kwani jirani wa chumba si wa kushoto na kulia tu, bali yuko pia juu na chini. Chumba kilicho chini ya bwawa la kuogelea huamshwa na viti vinavyoburutwa alfajiri. Kilicho juu ya ukumbi wa muziki hakilali hadi usiku mkuu. Cha omo husikia mnyororo wa nanga, cha tezi husikia mtetemo wa rafadha. Vingine vina dirisha, lakini mbele yake imening’inizwa mashua ya kuokolea maisha, na ndiyo itakayotazamwa safari nzima. Tulichotafuta ni chumba chenye vyumba vya kulala juu yake na chini yake. Lifti iwe karibu, maana meli hizi nyingine huzidi mita 300 na ujia wake humchosha hata kijana, ila mlango usitazamane nayo.

Vyumba vya wenye udhaifu wa viungo, vyenye mlango mpana na bafu lisilo na kizingiti, vilikuwa vimekwisha. Tuliomba kigoda cha kuwekwa bafuni, kwa kuwa Mama hawezi kuinua mguu hadi kwenye sinki wakati wa udhu. Tulikikuta kimewekwa.

Usiku wa pili, tukielekea Doha, shamali ilivuma. Upepo huo hutoka kaskazini-magharibi, na kwa kuwa maji ya Ghuba ni machache, yanayofika kama mita 90 tu penye kina kirefu, mawimbi yake huwa mafupi na makali. Mdogo wangu alikuwa amejichukulia kile chumba cha juu, omo. Saa nane za usiku wifi yangu aligonga mlango wetu, mtoto mmoja begani na mwingine ameshika nguo yake, wote wametapika. Mama alikuwa macho na tasbihi yake. Aliwalaza watoto sakafuni juu ya blanketi, akawapa tangawizi aliyoibeba kutoka nyumbani, na kabla ya alfajiri wote wanne walikuwa wamelala. Tulipoamka tuliswali kuelekea karibu usawa wa omo, kwani meli ilikuwa bado ikienda magharibi. Ramani iliyo kwenye televisheni ya chumbani husaidia sana kujua kibla, maana chombo kikigeuka, nayo hugeuka.

Sitasema chumba chetu hakikuwa na ila. Dirisha halifunguki, na Mama alitamani harufu ya chumvi, kwa hiyo kila baada ya Alasiri tulipanda lifti hadi kwenye sitaha ya wazi akakaa dakika 30 upepo ukimpiga. Bandarini tulitazamana na ukuta wa gati. Na jua la magharibi lilimwingia Mama machoni, kwa kuwa tulikuwa upande wa kushoto.

Safari ijayo, inshallah, anataka chumba kile kile, ila upande wa kulia. Sijamwambia bado kwamba meli ikigeuka kurudi, jua nalo litahamia huko.