Nafuga Maji

Gapi 6 kwenye tangi la lita 40 hawana mambo mengi. Kazi iko kwa maji. Kinyesi chao na chakula kilichobaki huoza na kutoa amonia. Maji yanaonekana masafi kabisa, kumbe yanawachoma mashavu wanayopumulia. Wanaowaokoa ni bakteria wa kwenye sponji ya filta: hugeuza amonia kuwa nitriti, halafu nitrati, ambayo sumu yake ni hafifu. Huchukua wiki 4 hadi 6 kujijenga, na klorini ya maji ya mfereji huwaua. Ndiyo maana sponji naiosha kwa maji ya tangi lenyewe, na kila Jumamosi nabadilisha robo ya maji, nikitumia yaliyolala kwenye ndoo wazi hadi klorini ikatoka.

Mama alipokuja Nairobi aliuliza kitu kimoja tu: "Hawa wamekula?" Nikamwonyesha punje chache, za kuisha kwa dakika 2. Akaguna. Kwetu upendo ni sahani. Ukisema umeshiba, unaongezewa. Lakini samaki wa tangi huuawa na shibe kuliko njaa.

Tangu kazi yangu iishe, Mama hupiga simu kila jioni. "Umekula?" Nimekula, Mama. Na si uongo. Ugali upo, sukuma ipo. Ni vile tu najua samaki anaweza kuwa ameshiba na bado anapanda juu kutafuta hewa. Siku moja nitamwomba aniulize lingine: maji yako vipi?