Kinyozi wa Katuba

Neno kinyozi lina sura ya kitu, lakini linashika upatanisho wa mtu: hatusemi «kinyozi kimefika», twasema «kinyozi amefika». Hilo nilifundishwa chuoni. Mengine nimefundishwa na kodi ya chumba, Katuba, hapa Lubumbashi.

Nilianza na kiti, kioo na mashine mbili, moja ya waya na nyingine ya kuchaji. Hii ya pili ndiyo saluni yenyewe. Umeme ukikatika katikati ya kichwa, mteja aliyebaki na nywele upande mmoja hatoki wala halipi. Jenereta ningeipenda, ila mafuta yake yangemeza faida yote. Alkoli ya kusafishia mashine siibanii kamwe: mtu akiota vipele, kesho mtaa mzima unajua.

Jumamosi hulisha wiki. Jumatatu nasoma fonolojia kwenye kiti hichohicho.

Kunyoa si kazi ngumu; ngumu ni deni. Papa mmoja jirani huniletea watoto watatu kila Septemba kabla shule hazijafunguliwa. «Mwanangu, tutaonana mwisho wa mwezi.» Anayekuita mwana utamkatalia vipi? Siku hizi naandika kila deni daftarini mbele ya mwenyewe, kisha namsomea kwa sauti. Wateja wengine wamehama kwa sababu hiyo, na sijawafuata. Papa hakuhama. Juzi alileta nusu, akaniomba nifute mstari mzima.

Minervali yangu inadaiwa mwezi ujao. Nilifuta nusu.