Garasa la Turufu

Shangazi yangu alinifundisha karata nikiwa darasa la nne, likizo ya Desemba, barazani kwa babu kule Kamachumu, mvua ikipiga majani ya migomba. Hakunifundisha kwa upole. Kila nilipokosea alizikusanya karata na kuzichanganya upya bila kusema neno, nami nikajua kwamba nimefungwa tena.

Wengi wenu mnaujua mchezo wenyewe. Kwetu nane, tisa na kumi ziliondolewa, zikabaki karata 40. Ree ina pointi 11, seti 10, mzungu wa nne 4, wa tatu 3, wa pili 2. Jumla yake ni 120, na mwenye kufikisha 61 ameshinda. Zilizosalia, kuanzia mbili hadi sita, ni magarasa: hazina pointi hata moja. Neno hilo limekwisha kuhamia viwanjani na maofisini. Mshambuliaji asiyefunga ni garasa, na mtumishi ambaye bosi wake hamtaki huitwa hivyo hivyo, tena mbele ya wenzake.

Mimi niliyatupa magarasa yote kwa namna moja, na hapo ndipo shangazi aliponikamata. Kopa ikiwa ndiyo turufu, mbili ya kopa huila ree ya shupaza pamoja na pointi zake 11. Yenyewe haina thamani. Thamani yake imo katika kile inachoweza kukitwaa. Kwa hiyo haitumiki kulia garasa jingine. Mwache mwenzako ale mara mbili, mara tatu, umtupie vitu visivyo na maana mpaka aamini kwamba mkono wako ni mtupu. Akishaamini ataiweka seti yake mezani, nawe uikate. Lakini shangazi alisisitiza na upande wa pili, ambao mimi sikuutilia maanani: karata za kuokota zikiisha, na mwenzako amebakiwa na turufu kubwa, ile mbili yako italiwa. Anayeificha mno huipoteza sawasawa na anayeitupa mapema.

Miaka mingi baadaye, nikisoma chuo kikuu, niliikuta karata hiyo katika hukumu ya mahakama, tena kutoka wilayani kwetu. Mwezi Agosti 1988 mwanamke wa Kihaya, Holaria Pastory, aliuza shamba la ukoo alilorithishwa na baba yake kwa wosia halali. Alikuwa amezeeka na hana wa kumtunza. Alimuuzia mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Siku iliyofuata tu mpwa wake alifungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, Muleba, akidai kwamba kwa mila za Kihaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Mila hizo zilikwisha kuandikwa katika Tangazo la Serikali namba 436 la mwaka 1963: mwanamke anaweza kuitumia ardhi hiyo maisha yake yote, asiiuze. Mpwa akashinda.

Ree zote zilikuwa upande wa mpwa. Upande wa bibi yule ilikuwamo karata moja ndogo. Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984, lakini zikazuiwa kutumika mahakamani hadi Machi 1988. Hata neno jinsia halikuwamo katika orodha ya misingi ya ubaguzi iliyokatazwa. Liliongezwa mwaka 2000. Nani angeihesabu? Aliihesabu hakimu wa wilaya pale Muleba. Akatengua hukumu ya Kashasha, akisema kwamba Katiba imempa mwanamke haki sawa na mwanamume. Februari 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akamuunga mkono, na uuzaji ukathibitishwa. Mpwa akabakiziwa njia ya kulikomboa shamba kwa kulipa zile 300,000 ndani ya miezi sita. Vyuoni tunamsifu jaji, na anastahili. Mimi humfikiria zaidi yule hakimu, mtumishi wa umma katika wilaya ya pembezoni, ambaye hakuna aliyetazamia lolote kutoka mezani kwake.

Na sasa nieleze kwa nini naandika haya. Mwaka 2009, baada ya babu kufariki, ukoo ulikaa kikao kuhusu kibanja. Shangazi alikuwa ameishi pale miaka mingi, akimwuguza babu, akipalilia mibuni na migomba kwa mikono yake. Wazee waliamua kibanja kiende kwa binamu yangu anayeishi Mwanza. Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwa mwenyekiti, nikiwa na shahada mbili, na hukumu ile nimeisoma mara nyingi kuliko hesabu ninayoweza kutaja. Nilinyamaza. Nilijiambia kwamba wakati haujafika, kwamba nikisema mbele ya watu nitaitwa mtoto wa shule, kwamba nitazungumza na baba mkubwa faragha. Rubisi ikaletwa, kikao kikafungwa. Nilipomwendea baba mkubwa juma lililofuata, mipaka ilikwisha kupandwa miti.

Shangazi amepanga chumba Kashai, Bukoba mjini, na anauza ndizi. Nilipopata udaktari alikuja kwenye sherehe akiwa amevaa kitenge kipya, akashangilia kuliko wote.

Desemba iliyopita nilimpelekea hukumu ile, nikaisoma na kuifasiri kwa Kiswahili aya baada ya aya, naye akisikiliza huku karata zikiwa mkekani. Nilipomaliza aliuliza:

“Haya ulikuwa unayajua siku ile, baba?”

“Nilikuwa nayajua, shangazi.”

Alizikusanya karata, akaanza kuzichanganya upya.